Hesabu ya Damu katika Upasuaji wa Uti wa Mgongo

Mwaka 1911, huko New York, Russell Hibbs na Fred Albee walipoanza, kila mmoja kwa njia yake, kuunganisha pingili za uti wa mgongo, damu ya kumwongezea mgonjwa haikuwa kitu cha kuwekwa tayari. Karl Landsteiner alikuwa amekwisha kuonyesha huko Vienna, mwaka 1901, kwamba damu za watu ni za makundi mbalimbali. Lakini matumizi ya sitrati ya kuizuia isigande hayakuanza mpaka mwaka 1914. Basi mpasuaji wa siku zile hakuwa na la kukadiria.

Makadirio yalikuja damu ilipopata ghala. Mwaka 1937 Bernard Fantus alianzisha benki ya damu katika Hospitali ya Cook County, Chicago, na hapo likazuka swali: mgonjwa huyu atengewe chupa ngapi? Mwaka 1942 Adams na Lundy, mabingwa wa dawa za usingizi, waliandika kwamba mgonjwa dhaifu ambaye himoglobini yake haifiki gramu 8 mpaka 10 katika kila desilita, ni vema aongezewe damu kabla ya kupasuliwa. Waliofuata waliiacha ile 8, wakaishika 10 kana kwamba ni sheria.

Uti wa mgongo ulikuwa na shida yake wenyewe. Paul Harrington wa Houston, aliyetangaza vyuma vyake mwaka 1962 baada ya miaka mingi ya kuwanyosha watoto waliopindwa mgongo na polio, alilazimika kuibandua misuli katika pingili nyingi na kuukwangua mfupa ili uungane. Mshipa uliokatwa hufungwa kwa uzi. Mfupa uliokwanguliwa haufungiki. Tena mgonjwa hulazwa kifudifudi, na Oscar Batson alikuwa ameonyesha mwaka 1940 kwamba vena zilizouzunguka uti hazina vilango vya kuzuia damu kurudi. Tumbo likibanwa na meza, damu husukumwa humo, ikatokea penye kisu. Ndipo Relton na Hall wa Toronto walipotengeneza, mwaka 1967, kiunzi cha kumlaza mgonjwa tumbo likining'inia bila kuguswa. Wengi kabla yao walikuwa wamelichukua jambo hilo kuwa ni ajali tu ya kazi.

Hata hivyo desturi ya kuagiza damu nyingi haikulegea. Chupa iliyokwisha kulinganishwa na damu ya mgonjwa mmoja huwekwa kando kwa ajili yake, wala mama anayevuja damu ya uzazi katika wodi ya pili hapewi. Na damu yenyewe, hata katika dawa nzuri ya kuihifadhi, haidumu zaidi ya siku 42. Katika miaka ya 1970 Friedman na wenzake wa Michigan walizihesabu chupa zilizoagizwa na zile zilizotumika kweli, wakatunga jedwali la kiasi cha kutosha kila operesheni. Jedwali hilo liliokoa damu nyingi, ila lilitazama jina la operesheni, halikumtazama mtu.

Hofu ya UKIMWI, ambao kipimo chake katika damu kilipatikana mwaka 1985, iliwafanya matabibu waihofu chupa waliyokuwa wakiitegemea. Mwaka 1999 Hébert na wenzake wa Kanada waliwalinganisha wagonjwa mahututi 838, wengine wakiongezewa damu himoglobini ishukapo chini ya 7, wengine chini ya 10. Wale wa 7 hawakufa zaidi. Hawakuwa wagonjwa wa mgongo, lakini ile 10 ya zamani haikupata nguvu tena.

Leo mkadiriaji huuliza himoglobini ya mgonjwa kabla ya kisu, umri wake, ukubwa wa mwili wake, idadi ya pingili zitakazounganishwa, na kama mfupa utakatwa ili kunyosha kibiongo. Kisha kompyuta hupiga hesabu. Lakini asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa na Utako na Shosuke Okamoto wa Japani mwaka 1962, sasa hutiwa mshipani katika operesheni nyingi za namna hii, nayo hupunguza kuvuja. Hesabu iliyojengwa juu ya wagonjwa waliovuja bila dawa hiyo huwatengea wa leo chupa ambazo hazitafunguliwa.