Asili na Maana za Neno "Hudhurungi"

Mwalimu wa Kaloleni, nyuma ya pwani ya Kilifi, amwitapo farasi "wa rangi ya hudhurungi", hutaja pasipo kukusudia nguo ya kale. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, hudhurungi ni kitambaa cha pamba cha kahawia kutoka Arabuni, kilichoshonewa kanzu. Asili yake ni Kiajemi: khud, yaani nafsi, na rang, yaani rangi, ndiyo nguo iliyobaki na rangi yake yenyewe, bila kutiwa nyingine. Hivyo neno lililokana kutiwa rangi limekuwa jina la rangi. Kamusi itajayo rangi pekee huufuta ushahidi wa biashara iliyolileta neno hilo pwani.