Maneno, Vazi na Alama: Historia ya Laha za Mitindo na Aikoni katika Mandhari za Tovuti

Kila maandishi huwa na mambo mawili ambayo jicho huyapokea kwa pamoja, ingawa akili yaweza kuyatenga: maneno yenyewe, na sura ambayo maneno hayo yamevishwa. Mpiga chapa huchagua umbo la herufi, upana wa pambizo na nafasi iliyo kati ya mistari, wala hadai kwamba amebadili hata neno moja la mtungaji. Katika zama za intaneti kazi hiyo ya mpiga chapa imekabidhiwa programu za kompyuta. Historia ya namna ilivyogawanywa yawahusu wanafunzi wa lugha, kwani mpaka ulio kati ya maneno na vazi lake umevukwa mara nyingi, na kila ulipovukwa, walioumia kwanza ni wasomaji ambao mbuni wa sura hakuwakumbuka.

Fikira ya kuyatenga maneno na sura yake ni ya zamani kuliko intaneti. Mwaka 1969, katika kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walianza kutunga lugha ya kutia alama katika matini, iliyokuja kuitwa GML. Badala ya kuiamuru mashine kwamba mstari fulani uchapwe kwa herufi nene, mwandishi alieleza tu kwamba mstari huo ni kichwa cha habari. Namna ya kukichapa kichwa hicho iliamuliwa mahali pengine. Kutokana na lugha hiyo kilipatikana kipimo cha kimataifa, SGML, kilichoidhinishwa mwaka 1986. Naye Tim Berners-Lee, alipounda wavuti katika kituo cha CERN karibu na Geneva, alifuata mfano wa SGML katika kutunga HTML, lugha ambayo kwayo kurasa za wavuti huandikwa.

Hata hivyo, HTML ya mwanzo haikuwa na njia iliyokubaliwa na wote ya kueleza sura. Wenye tovuti walitaka rangi na mapambo, na kampuni zilizotengeneza vivinjari, Netscape ikiwa mojawapo, ziliwapa alama mpya za kuchagua rangi na ukubwa wa herufi, zikachomekwa katikati ya maneno. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakachora maneno ndani ya picha. Kitufe cha kutafutia au cha kurudia ukurasa wa mwanzo hakikuwa tena neno, bali picha ya neno. Jicho liliona herufi, lakini mashine haikuona kitu ila rangi. Neno la namna hiyo haliwezi kutafutwa, wala kusomwa kwa sauti na programu ya kumsaidia kipofu isipokuwa limeambatishwa maelezo. Na mwenye kutaka kulitia katika Kiswahili hakuhitaji kamusi tu, bali mchoraji pia.

Tarehe 10 Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwei aliyekuwa akifanya kazi CERN, alitoa pendekezo la laha za mitindo, yaani faili za pekee zenye kanuni za sura ya ukurasa. Baadaye alishirikiana na Bert Bos, Mholanzi, na tarehe 17 Desemba 1996 kipimo cha kwanza, CSS, kilitangazwa rasmi. Jina lake latokana na fikira ya maporomoko ya maji: kanuni hutoka katika chemchemi kadhaa, nazo ni kivinjari, mwenye tovuti na msomaji mwenyewe, na panapotokea mgongano upo utaratibu wa kuamua ipi ishinde. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Lilikiri kwamba msomaji naye ana haki juu ya sura ya anachokisoma. Mwenye macho dhaifu aweza kudai herufi kubwa, na maneno yakabaki yale yale.

Nguvu ya utaratibu huo ilidhihirika mwaka 2003, Dave Shea wa Kanada alipofungua tovuti aliyoiita CSS Zen Garden. Matini yake ilikuwa moja, isiyobadilishwa hata herufi, lakini wabuni wa nchi mbalimbali waliivisha laha zao za mitindo, na kila moja ikaufanya ukurasa uonekane kana kwamba ni mwingine kabisa.

Mwaka huo huo ilianza programu ambayo historia yake yaonyesha vyema namna kanuni hizo zilivyotiwa kazini. WordPress ni mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu inayohifadhi makala katika hazina ya data na kuyapanga katika kurasa msomaji anapoyaomba. Matt Mullenweg, Mmarekani, na Mike Little, Mwingereza, waliitoa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003, wakiijenga juu ya programu ya awali ya Michel Valdrighi iliyoitwa b2. Katika miaka ya 2020 imekuwa ikiendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za ulimwengu, na kwa hiyo uamuzi wa wabuni wake wachache huwafikia wasomaji wasiohesabika.

Hatua mbili za mwanzo za mfumo huo zafaa kutazamwa pamoja. Katika toleo la 1.2, la Mei 2004, maneno yote yaliyoonyeshwa na programu yenyewe yaliwekewa njia ya kutolewa nje na kutiwa katika faili za tafsiri, hata mtu asiyejua kuandika programu akaweza kuyafasiri. Katika toleo la 1.5, la Februari 2005, vazi nalo lilitolewa nje. Kabla ya hapo mwenye tovuti alibadili sura kwa kuihariri laha moja ya mitindo pamoja na faili za mfumo wenyewe, na toleo jipya lilipokuja, kazi yake yaweza kufutika. Tangu hapo kila vazi likawa mandhari, yaani folda yenye faili zake. Katika folda hiyo mlikuwa na laha ya mitindo, violezo vya kurasa na picha. Juu ya laha hiyo huandikwa jina la mandhari, mtungaji wake na toleo lake. Mfumo husoma maelezo hayo na kumworodheshea mwenye tovuti mandhari alizo nazo. Basi kwa muda wa miezi tisa hivi maneno na vazi vilipewa kila kimoja sanduku lake.

Kuyatunza masanduku hayo kulizua kanuni nyingine. Mwenye tovuti aliyehariri mandhari ya mtu mwingine alipoteza mabadiliko yake kila mtungaji alipotoa toleo jipya. Dawa yake ilikuwa mandhari mtoto: folda ndogo inayomtaja mzazi, ikarithi kila kitu ila kile ambacho yenyewe imekiandika upya. Toleo la 2.7, la Desemba 2008, liliruhusu hata violezo virithiwe hivyo. Kabla ya hapo, katika mwaka huo huo, ilikuwa imeletwa njia ya kusajili laha za mitindo: kila laha hupewa jina, hutaja laha zinazopaswa kuitangulia, na huandikiwa namba ya toleo ili kivinjari kisiendelee kuonyesha nakala ya zamani kilichoihifadhi. Kwa kuwa katika CSS kanuni mbili zenye nguvu sawa huamuliwa kwa mpangilio, ile ya baadaye ikishinda, kusajili laha bila kujali zamu zake ni kuacha sura ya tovuti mikononi mwa bahati.

Aikoni zilikuwa na historia ya pekee. Aikoni ni picha ndogo inayosimama mahali pa tendo au kitu. Zilipata umaarufu kwa kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, na kwa Macintosh ya mwaka 1984 ambayo aikoni zake zilichorwa na Susan Kare. Katika wavuti kila aikoni ilikuwa faili la picha, na ukurasa wenye aikoni 30 ulimlazimu msomaji kuagiza faili 30. Mwaka 2004 Dave Shea alieneza njia ya kuzikusanya zote katika picha moja, laha ya mitindo ikionyesha kipande kinachotakiwa tu. Mzigo ulipungua, lakini kuongeza aikoni moja kulidai kuipanga upya picha nzima na kuhesabu tena nafasi zake.

Kisha ikaja njia iliyowavutia wengi: kuzifanya aikoni kuwa herufi. Fonti ya Font Awesome ilitokea mwaka 2012, na WordPress ikaleta fonti yake, Dashicons, katika toleo la 3.8 la Desemba 2013. Faida zake zilikuwa dhahiri. Herufi hukuzwa bila kuchakaa, hupakwa rangi yoyote kwa laha ya mitindo, na faili moja hutosha. Lakini hapa ndipo mpaka wa kale ulipovukwa tena, safari hii kutoka upande wa pili. Hapo awali neno lilifanywa picha. Sasa picha ilifanywa maandishi.

Mwenye kuijua taaluma ya maandishi ataona shida iliko. Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi, imetenga nafasi 6,400, kuanzia E000 hadi F8FF kwa hesabu ya tarakimu 16, kwa matumizi ya faragha. Nafasi hizo hazina maana iliyokubaliwa na wote. Fonti za aikoni ziliweka picha zao humo, na laha ya mitindo ikazichomeka katika ukurasa kwa kanuni iliyoletwa na CSS ya pili ya mwaka 1998, ambayo huruhusu laha kuongeza maandishi yasiyokuwamo katika matini. Basi vazi likaanza kusema, na likasema kwa herufi zisizo na maana. Msomaji kipofu aliweza kusikia sauti isiyoeleweka, au asisikie lolote. Msomaji mwenye shida ya kusoma, aliyeamuru fonti moja anayoimudu itumike kila mahali, aliona visanduku vitupu badala ya aikoni. Hivyo hivyo kwa kivinjari cha Opera Mini, kilichotolewa kwa ulimwengu wote mwaka 2006 na kutumiwa sana katika Afrika kwa sababu hubana kurasa na kupunguza gharama: chenyewe hakipokei fonti za wavuti. Aliyenunua intaneti kwa vipimo vidogo ndiye aliyeonyeshwa kisanduku.

Kosa hilo lilitambuliwa. Katika kihariri kipya cha WordPress, kilicholetwa Desemba 2018, aikoni zilichorwa kwa SVG, lugha ya michoro ambayo nayo huandikwa kwa alama, na ambayo huruhusu mchoro kupewa jina. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba toleo la 5.5 ndilo la mwisho kuiongezea Dashicons picha mpya. Jina la mchoro, kwa kuwa ni neno, laweza kurudishwa katika sanduku la maneno na kufasiriwa.

Yapo bado mambo mawili yanayowahusu hasa wenye Kiswahili. La kwanza ni aikoni zilizo herufi. Vihariri vingi huonyesha herufi B kwa herufi nene na I kwa herufi za mlazo, yaani herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Wajerumani katika programu ya Word wamezoea F na K, kwa kufuata maneno ya lugha yao. Aikoni ya namna hiyo si picha ya kitu bali ni neno lililofupishwa, na ingawa yakaa katika sanduku la alama, haki yake ni kufasiriwa.

La pili ni mwelekeo wa maandishi. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na tovuti ya kuhifadhi tenzi za kale yaweza kutaka kuonyesha hati ya Kiarabu kando ya ile ya Kirumi. WordPress ina laha maalumu ya mandhari kwa maandishi yaendayo kutoka kulia, lakini huiita kwa kutazama lugha ya tovuti nzima. Na Kiswahili kimesajiliwa kuwa lugha iendayo kutoka kushoto. Kwa hiyo laha hiyo haitaitwa kamwe. Mwelekeo wa ubeti lazima utajwe katika matini yenyewe, kwa alama ya HTML, kwa sababu ni sehemu ya maandishi, si pambo. Mwenye kuutaja katika laha ya mitindo ataupoteza siku atakapobadili mandhari, na mpangilio wa ubeti utavurugika ingawa hakuna herufi iliyofutwa.

Tangu Julai 2021, toleo la 5.8 lilipoleta faili la theme.json, rangi, fonti na vipimo vya mandhari vyaweza kutangazwa mahali pamoja, na toleo la 5.9 la Januari 2022 lilileta mandhari ambazo mwenye tovuti huzipanga bila kuandika laha. Urahisi umezidi, lakini swali ni lile la mwaka 1969. Kabla ya kitu chochote kuwekwa katika folda ya mandhari, hapana budi kuulizwa: likivuliwa vazi hili na kuvishwa jingine, je, msomaji atapoteza maana? Ikiwa ataipoteza, basi kitu hicho hakikuwa vazi. Kilikuwa neno, na mahali pake ni pamoja na maneno, ambapo mfasiri aweza kukifikia na kipofu aweza kukisikia.