Mugumo wa Thika na Sikukuu ya Jamhuri

Anayetaka kuiadhimisha Jamhuri mbali na gwaride la Nairobi aende Thika, kwenye Bustani ya Mugumo. Hapo palisimama mugumo mkubwa, mti ambao Wakikuyu walisali chini yake. Wazee husimulia kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alionya juu ya ujio wa wageni na nyoka wa chuma, tena akasema utawala wao ungekoma siku mti huo ungeanguka. Nyoka huyo, yaani reli, alifika Thika mwaka 1913. Wakoloni, yasemekana, waliuzungushia mti chuma ili usianguke.

Haikufaa kitu. Mwaka 1963 mugumo ulianguka, na Desemba 12, tarehe ya Jamhuri, Kenya ikawa huru. Mahali hapa panastahili heshima kubwa kuliko panavyopewa.

Karibu na hapo ipo Blue Posts, hoteli ya masetla ya mwaka 1908, katikati ya maporomoko ya Chania na Thika. Ruiru nayo isipitwe: kituo chake cha utafiti kilitoa kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985, inayostahimili kutu ya majani. Msimu mkuu wa kuchuma huwa Oktoba hadi Desemba, wakati wa sikukuu za Mashujaa na Jamhuri.