Mbwa Anayeuma na Dhamana ya Anayemtoa

Chovai haina kituo cha kulea mbwa waliotupwa, wala haijawahi kuwa nacho. Ni kimoja cha visiwa vya Wabajuni vilivyojipanga kusini mwa Kismayu kuelekea Ras Kiamboni, kisiwa cha wavuvi, Waislamu wa madhehebu ya Shafi, pwani iliyotawaliwa kwa zamu na Sultani wa Unguja, na Waingereza, kisha na Waitaliano tangu 1925 Uingereza ilipowakabidhi Jubaland. Kuitaja Chovai katika mjadala wa vituo vya mbwa kunaweza kuonekana kioja. Hata hivyo, swali linalowakera leo wenye vituo hivyo Nairobi, London na Istanbul, yaani nani abebe lawama mbwa aliyekwisha kuuma anapopewa mwenyeji mpya, lilikwisha kujibiwa katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu haya karne nyingi kabla ya kituo cha kwanza kufunguliwa. Nadai kwamba jibu lile la zamani linashinda mengi yanayotolewa sasa. Linasema dhamana humfuata anayejua: aliyejua kwamba mnyama wake anauma haitui dhamana hiyo kwa kumkabidhi mtu mwingine kamba.

Tuanze na kitabu chenyewe. Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 13, kilikuwa rejea ya makadhi wa Kishafi pwani nzima, kiasi kwamba ilipotoka tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1914, mahakimu wa kikoloni wasiojua Kiarabu nao wakaishika. Humo, katika mlango wa uharibifu unaofanywa na wanyama, limewekwa suala la paka. Paka akila ndege wa jirani au chakula chake, je, mwenye paka alipe? Jibu linategemea jambo moja: kama paka huyo anajulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana, kama hajulikani nayo, kauli yenye nguvu ni kwamba halipi. Hapo haijaulizwa kama paka ana nia mbaya, wala kama mwenyewe ni mtu mwema. Kinachoulizwa ni kama tabia ilikuwa imejulikana. Wafafanuzi walimwingiza na mbwa mwenye kuuma katika kanuni iyo hiyo, na hakuna ajabu, kwani hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha imemtaja pamoja na kunguru, mwewe, nge na panya, viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka. Imamu Malik alilifungua neno hilo likamwenea kila mnyama anayerarua watu, simba na chui wakiwemo. Kumbe aliyekusudiwa ni mnyama kwa kitendo chake, na jinsi yake haikuwa hoja.

Msomaji atapinga, na ana haki: haya si yale yale ya watu wa pwani kumchukia mbwa? Mate yake ni najisi kwa Mashafi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na biashara yake haisihi. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo atawezaje kutoa hukumu ya haki juu ya mbwa mkali? Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya milango miwili ya fiqhi. Mlango wa najisi ni mmoja na mlango wa madhara ni mwingine, na ushahidi ni paka yule yule. Paka ni tohara, hulala mkekani, hupita mbele ya anayeswali, na Lamu wamejaa barazani na sokoni. Bado kanuni ya dhamana imejengwa juu ya mgongo wake. Kinyume chake, Minhaj inaruhusu mtu kumuusia mwenzake mbwa aliyefunzwa, ijapokuwa ni najisi, kwa sababu ana manufaa. Tena mafundisho haya haya yanamtaja mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Watu waliosimuliana visa hivyo hawakuwa watu wasiojua huruma kwa wanyama. Waliitenga tu huruma na suala la nani alipe.

Kituo cha mbwa, kwa upande wake, ni zao la jiji. Mwaka 1860 Mary Tealby alifungua huko Holloway, London, makazi ya mbwa waliopotea, yale yaliyohamia Battersea mwaka 1871; mwanzoni alichekwa, mpaka Charles Dickens alipoyaandikia kwa wema mwaka 1862. Nairobi ilipata chama chake cha kuzuia ukatili kwa wanyama mwaka 1910, kikiitwa cha Afrika Mashariki, ambacho leo ni KSPCA. Miaka miwili tu baadaye kichaa cha mbwa kikathibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, kwa mbwa wa viungani mwa mji huo huo. Jiji lina sifa moja ambayo kisiwa hakina: anayemtoa mbwa na anayempokea hawajuani, na hawatakutana tena. Katika kisiwa kidogo chenye vijiji vya kuhesabika, mbwa aliyemuuma mtoto wa fulani anajulikana msikitini kabla ya adhuhuri, na anayempokea atakuwa ama jamaa ama jirani. Ujuzi husafiri na mnyama. Mjini ujuzi hubaki kwa aliyemtoa, na kituo, kwa nia njema kabisa, huwa mahali unapopotelea. Tazama mageti ya Nairobi yenye kibao cha Mbwa Kali. Wengi hukidhani kinga, lakini kwa macho ya sheria ni kukiri, kwa maandishi, mbele ya wapita njia wote. Mahakama za Uingereza zilifika huko huko katika kesi ya 1846 ya nyani aliyemuuma mwanamke: mwenyewe alijua ukali wake, basi akawajibika. Kibao hicho kinabaki getini siku mbwa anapohamishwa.

Kuhamisha hatari na kuiita suluhisho kuna historia ya kutisha. Mwaka 1910 watawala wa Istanbul waliwakusanya mbwa wa mitaani kwa maelfu na maelfu, wakawatupa kwenye kisiwa cha Sivriada, mwamba usio na maji, wakafa kwa kiu na kwa kulana. Watawala hao hawakuua kwa mikono yao. Waliwapatia mbwa makazi mengine, na jiji likatulia. Mfano wa karibu nasi hauna ukatili huo, lakini una funzo zito zaidi kwa watu wa visiwani. Pemba ilipambana na kichaa cha mbwa kwa chanjo za halaiki mpaka kikaisha, kisha mwaka 2016 kikarejea, na ikabidi kazi ianze upya mpaka kilipofutwa tena mwaka 2018. Bahari haikuwazuia virusi, kwa sababu mbwa hupanda chombo kama abiria wengine. Aliyempakia hakuona alichokituma, na waliompokea hawakuwa na sababu ya kuuliza. Karibu vifo vyote vya binadamu vya ugonjwa huu duniani, vinavyokadiriwa kuwa 59,000 kwa mwaka, huanzia kwa mbwa, na sehemu kubwa ya waumwao ni watoto.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa wenye kuvihudumia vituo wenyewe. Wanasema mbwa hana tabia moja ya kudumu. Anayebweka na kurarua ndani ya kizimba, akizungukwa na harufu za wenzake mia, huenda akawa mpole akipata uwanja na mtu mmoja wa kumzoea. Wana ushahidi. Mwaka 2016 Gary Patronek na Janis Bradley walichambua vipimo vinavyotumika vituoni kubaini mbwa wakali, vile vya kumchokoza kwa mkono wa bandia akiwa anakula na mfano wa hivyo, wakaona havitofautiani sana na kurusha sarafu. Nakubali. Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili. Kama kipimo cha kituoni hakiwezi kuthibitisha kwamba mbwa ni mkali, hakiwezi pia kuthibitisha kwamba amekuwa mpole, na kinachobaki cha kutegemewa ni historia: alimuuma nani, lini, jeraha lilikuwa la namna gani, alichokozwa au la. Huo ndio ujuzi ambao kanuni ya paka inaudai. Mbwa aliyenguruma kizimbani na hajawahi kuuma hajulikani kwa kuuma, na ni dhuluma kumhukumu kwa kipimo. Aliyeuma mara mbili nyumbani anajulikana, hata akitikisa mkia mbele ya mgeni.

Wapo watakaosema: ukiandika ukweli wote kwenye karatasi, hakuna atakayemchukua, na mbwa atadungwa sindano ya kumuua. Mara nyingine ndivyo itakavyokuwa. Sioni namna ya kulipamba jambo hilo. Lakini anayeficha ili kumwokoa mbwa huwa ametoa sadaka kwa mali ya wengine, maana atakayeumwa si yeye. Hata mpokeaji akiambiwa yote na kukubali, yeye hukubali kwa niaba yake tu. Mtoto wa jirani, mgeni, mleta maji, hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo kusema ukweli ni sharti la kwanza na halitoshi. Yuko mbwa asiyefaa kutolewa kabisa, na kumweka kizimbani miaka, akishiba huku akizungukazunguka hadi manyoya yamnyonyoke, kunakaribia kisa cha paka yule aliyefungwa kuliko wahisani wanavyopenda kukiri.

Vita vya Somalia vya 1991 viliwatawanya Wabajuni wa visiwani, wakakimbilia Mombasa kwa majahazi na mashua, na baadhi yao wakaishia Uingereza. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Mbwa Hatari. Tangu 31 Desemba 2023 sheria hiyo imepiga marufuku, Uingereza na Wales, kuuza au kugawa mbwa wa aina ya XL Bully, hata kwa vituo vya hisani. Ni sheria inayopima umbo: urefu wa bega, upana wa kichwa. Uholanzi iliwahi kupiga marufuku pit bull, ikafuta marufuku hiyo mwaka 2008 kwa sababu watu hawakupungua kuumwa. XL Bully ambaye hajawahi kumgusa mtu hawezi kupewa mwenyeji mpya, lakini mbwa wa umbo jingine aliyekwisha kuuma watatu anaweza kubadilisha nyumba kwa tangazo la mistari miwili, na mpokeaji akaambiwa tu kwamba ni mchangamfu na anapenda kukimbia.