Nchi Jirani: Perege wa Kenya na Safari Yake ya Asia

Yanapotajwa mazungumzo ya samaki wanaokuzwa upesi kwa nguvu za sayansi, wengi hukumbuka Kanada. Huko, mwaka 1989, wataalamu walimtia samaki aitwaye samoni chembe ya urithi ya samaki mwingine, akawa anafikia uzito wa kuuzwa katika muda uliopungua karibu nusu. Marekani iliidhinisha aliwe mwaka 2015, na Kanada mwaka 2016. Lakini mwaka 2024 kampuni iliyomfuga ilitangaza kuiacha kazi hiyo.

Iko historia nyingine, ambayo chanzo chake kimoja ki hapa jirani, nchini Kenya. Mwaka 1988 watafiti wa kimataifa wenye makao yao Ufilipino walianza kukusanya perege wa Naili kutoka Misri, Ghana, Senegal na Kenya. Hao hawakutiwa chembe ngeni hata moja. Walichanganywa na wale waliokwisha kufugwa Asia, wakachaguliwa waliokua upesi, wakazalishwa, kisha wakachaguliwa tena. Baada ya vizazi vitano, kasi ya kukua ilikuwa imezidi kwa kadiri ya asilimia 85. Uzao huo ukaenea Bangladesh, China, Thailand na Vietnam.

Je, Afrika yenye mbegu ilipata nini? Kwa miaka mingi waliomkuza samaki huyo hawakukubali kumrudisha barani kwetu, wakihofia kwamba akitoroka bwawani atazaana na ndugu zake wa mitoni na kuiharibu asili ileile iliyomzaa. Msimamo huo ulilegezwa mwaka 2007, tena kwa masharti.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Katika miaka ya 1950 perege wa Naili aliingizwa Ziwa Victoria, naye alikuwa mgeni humo. Kwa sababu yake, na ya sangara, na ya uvuvi uliopita kiasi, ngege wa asili karibu ametoweka ziwani. Mabaki yake yamo katika maziwa madogo ya kandokando, kama Kanyaboli nchini Kenya.

Hapana shaka kwamba mfugaji anahitaji samaki anenepaye upesi. Lakini ghala la mbegu ni maji yenyewe, na ghala likiungua hapana wa kuazima. Kenya, katika kituo chake cha Sagana, imechagua na kuzalisha perege wake yenyewe. Hiyo ndiyo njia ya mwenye mali anayeijua thamani ya mali yake.