Siasa zilivyowafungia Wakenya milango ya Olimpiki

KATIKA orodha ya washindi wa Olimpiki wa mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, majina ya Wakenya yamefuatana tangu Amos Biwott alipotwaa dhahabu Mexico City mwaka 1968 hadi Conseslus Kipruto alipotawazwa Rio de Janeiro mwaka 2016. Ni mara mbili tu katika kipindi hicho ambapo wageni walijipenyeza: Anders Gärderud wa Uswidi mwaka 1976 na Bronislaw Malinowski wa Poland mwaka 1980. Mara zote mbili hapakuwa na Mkenya hata mmoja uwanjani, kwa kuwa serikali ilikuwa imeamua kususia michezo hiyo.

Kisa cha mwaka 1976 kilianzia kwenye raga. Timu ya New Zealand ilifunga safari kwenda Afrika Kusini mwezi Juni, mwezi ule ule ambao polisi wa utawala wa makaburu waliwamiminia risasi wanafunzi wa Soweto. Mataifa ya Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, yalitaka New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki jijini Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilijibu kwamba raga haikuwa miongoni mwa michezo yake. Zaidi ya nchi 20, Kenya ikiwemo, zikajiondoa. Baadhi ya timu zilikuwa zimekwisha kuwasili Canada, zikalazimika kufunga virago. Senegal na Ivory Coast zilibaki.

Mike Boit, aliyekuwa amepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alibaki kusikia tu jinsi Alberto Juantorena wa Cuba alivyonyakua dhahabu kwa rekodi ya dunia. Wawili hao walipokutana Düsseldorf mwaka uliofuata, Juantorena alishinda kwa unyoya tu. Naye Mtanzania Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 akimtangulia John Walker huko huko kwao New Zealand, hakupata nafasi ya kukabiliana naye tena Montreal. Walker ndiye aliyetwaa dhahabu.

Hata hivyo, kafara hiyo ilikuwa na maana. Waliokuwa wakidhulumiwa ni Waafrika wenzao, na mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola waliafikiana Gleneagles, Scotland, kupinga uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini.

Ya mwaka 1980 ni vigumu zaidi kuyatetea. Baada ya majeshi ya Muungano wa Kisovieti kuivamia Afghanistan Desemba 1979, Rais Jimmy Carter wa Marekani alizihimiza nchi rafiki zisiende Moscow. Alimtuma bondia Muhammad Ali kuzishawishi nchi za Afrika. Dar es Salaam, Rais Julius Nyerere alikataa kumwona, na wanahabari wakamuuliza Ali kwa nini Afrika iiunge mkono Marekani ilhali Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976. Nairobi hakuwa na kazi kubwa, maana serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa upande wa Marekani.

Tanzania ilikwenda Moscow na kurudi na fedha mbili: ya Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Hizo ndizo medali za kwanza za Olimpiki za nchi hiyo.

Aliyepoteza zaidi ni Henry Rono. Mwaka 1978, katika muda wa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Malinowski alishinda Moscow kwa dakika 8:09.7, rekodi ya Rono ilikuwa 8:05.4. Kweli, mbio za medali hukimbiwa kwa hesabu nyingine, na hakuna awezaye kuapa kwamba angeshinda. Lakini hata nafasi ya kushindwa hakupewa.

Kenya ilirejea Los Angeles mwaka 1984, safari hii Wasovieti na washirika wao wakiwa ndio waliosusia. Julius Korir alishinda dhahabu ya kuruka viunzi na maji. Rono, aliyefariki dunia Februari 2024, hakuwahi kukimbia katika Olimpiki yoyote.