Habari za Kuingia na Kutoka Mtumbwini

Twasoma katika Injili ya Yohana ya kwamba Petro, alipoambiwa kuwa ni Bwana asimamaye ufuoni, hakungoja chombo kifike, alijitupa majini. Petro alikuwa mvuvi. Sisi wa Kabasa tu watu wa jembe na ng'ombe, na tutelemkapo Guta ili kuvuka Ghuba ya Speke, twajua ya kuwa kazi ngumu si kuvuka. Kazi ni zile hatua tatu nne za kuingia mtumbwini na kutoka.

Mtumbwi ueleao wote hushikwa na maji pande zote. Lakini omo ikikwama mchangani na tezi ikielea, chombo huwa kama kigoda cha mguu mmoja: mtu akikanyaga ubavuni chalala upande, na mwenziwe akiruka kumshika, chapinduka kabisa.

Watu wa kale wa ziwa hili walizijua shida za ufuo. Mitumbwi mikubwa ya Wasese na Waganda, iliyoshonwa mbao kwa mbao kwa kamba za miti, ilikuwa na mkuku uliotokeza mbele kama pua ndefu. Wageni waliisifu kwa mapambo ya pembe za wanyama. Sisi twaona pua ile ilikuwa na kazi pia, maana chombo kikija ufuoni kwa mbio, yenyewe ndiyo iliyotangulia kupigwa na mchanga, wala si mbao zilizoshonwa.

Tarehe 8 Machi 1875 Bwana Stanley alishusha mashua yake, Lady Alice, majini huko Kageyi, kusini ya ghuba yetu, akapita mbele ya pwani hizi akilizunguka ziwa. Tarehe 28 Aprili alifika kisiwa cha Bumbire, upande wa magharibi, akitafuta chakula. Watu wa kisiwa waliiburuta mashua hata nchi kavu, na waliomo wakiwa wamo, kisha wakachukua makasia. Hapo mashua nzuri ya Uingereza ikawa gereza. Waliokoka kwa kuisukuma wote pamoja kwa nguvu nyingi, hata wakatumbukia majini nyuma yake, ndipo wakang'oa mbao za sakafu zikawa makasia. Stanley alipiga bunduki siku ile. Na mwezi wa Agosti alirudi na mitumbwi mingi, akawapiga kutoka majini watu waliosimama ufuoni. Wengi walikufa. Yeye aliandika kana kwamba ni haki. Sisi hatuwezi kuiita hivyo.

Katika siku zile daraja la wakubwa, pwani hata ziwani, lilikuwa bega la Mwafrika. Mgeni alibebwa asilowe viatu, na mbebaji akalowa yeye hata kiunoni. Kazi hiyo haijaisha: katika bandari ndogo za ziwa hili wako vijana wabebao abiria kwa fedha.

Na mbebaji alilipa zaidi ya alivyodhani. Mwaka 1851 Daktari Theodor Bilharz, huko Misri, aliuona mnyoo wa kichocho katika maiti. Na mwaka 1915 Leiper, Mwingereza, alionyesha huko huko Misri ya kuwa vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini, vikapenya ngozi ya mtu. Konokono hao hupenda maji ya kina kifupi penye majani, yaani pale pale tusimamapo tukingoja mtumbwi. Ugonjwa huo kwetu hushika matumbo na ini. Dawa iko, lakini mtu akiimeza leo na kesho akasimama tena majini, huuchukua upya.

Mwaka mmoja tulikuwa Guta pamoja na mama mzee aliyetaka kwenda Ukerewe kumwona binti yake mgonjwa. Kijana wa pekee mwenye nguvu pale alikuwa mkwewe. Je, mkwe ambebe mama mkwe wake? Kwetu haiwezekani. Mama alikataa, mkwe akatazama chini. Basi mama akaingia majini na nguo zake, akateleza, akaumia goti. Tuliona haya, sisi tufundishao watoto habari za mizani na nyenzo, kwa kuwa hatukuwahi kufikiri ubao.

Juma lile fundi alitupasulia ubao wa futi 12. Tulipigilia vijiti kwa kukingama, kila baada ya shubiri mbili, miguu isiteleze, na kichwani mwake tukafunga kitanzi cha kukamata omo. Majini tulisimika miti miwili. Mtumbwi huingia katikati, ukafungwa huku na huku usiyumbe. Watu hupanda mmoja mmoja, na wa pili hakanyagi mpaka wa kwanza ameketi. Usiku ubao hulazwa kwa mzee wa kanisa, usije ukawa kuni. Na Jumapili watoto huukalia kanisani, upande usio na vijiti.

Mama yule alirudi mwezi uliofuata, akaukanyaga polepole kwa fimbo yake. Aliyeshika kamba ya mtumbwi alikuwa mkwewe, naye alikuwa amempa mgongo.